Mjusi Kafiri Kizimbani: Unyevu Unaomfaa na Usalama wa Familia

Taa za barazani zinapowashwa jioni katika nyumba za Musoma zilizo karibu na Ziwa Victoria, wadudu hukusanyika, na mijusi kafiri huwafuata. Mjusi huyu hana sumu, ingawa wapo wanaoamini kwamba mate yake huua. Watoto humkamata na kumtia kwenye chupa au kopo, na mara nyingine kijana hutaka kumfuga kwa muda mrefu. Hapo suala linakuwa la kitabibu, kwa sababu kizimba kinachomdhuru mjusi ndicho pia kinachozalisha na kusambaza vimelea ndani ya nyumba.

Kabla ya kizimba kuna kibali. Ukamataji na ufugaji wa wanyamapori nchini husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo ni busara kumwona kwanza ofisa wanyamapori wa wilaya. Tahadhari hii ina sababu: biashara ya wanyama wa kufugwa ilichangia kumweka hatarini mjusi mdogo wa rangi ya samawati anayeishi katika Msitu wa Kimboza, Morogoro, hadi mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikakubaliana kumpa kiwango cha juu kabisa cha ulinzi.

Mjusi kafiri hupanda kuta na huwinda usiku. Kwa hiyo kimo cha kizimba kina umuhimu kuliko upana wake. Kwa mjusi mmoja mkubwa, kizimba chenye kimo cha sentimeta 45 na sentimeta 30 kila upande kinatosha. Pande mbili zinazotazamana, au upande mmoja na kifuniko, ziwe za wavu laini ili hewa ipite. Ndani yake viwekwe magome ya mti na vipande vya mwanzi vilivyosimamishwa, mahali anapoweza kujificha mchana. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu machache haifai hata kwa siku chache. Tangi la kioo lililowekwa juani ni baya zaidi, kwani joto lake hupanda kwa kasi na mnyama hufa kabla mwenye nyumba hajatambua.

Joto halina taabu kubwa mkoani Mara. Nyuzi 26 hadi 30 za mchana zinamfaa, na kushuka usiku hadi karibu 20 hakumdhuru. Ugumu uko kwenye unyevu.

Unyevu wa hewa unaomfaa ni takriban asilimia 60 hadi 70. Ukishuka sana kwa muda mrefu, mjusi hushindwa kujivua gamba vizuri. Ngozi kavu hubaki imezunguka vidole kama uzi uliokazwa, damu haipiti, na vidole hukatika. Ukizidi huku hewa ikiwa haipiti, kuvu huota kwenye magome, kinyesi hakikauki, na mnyama hupata maambukizi ya ngozi na ya mfumo wa hewa: hupumua mdomo wazi, na mapovu huonekana puani. Kinachotakiwa ni mzunguko wa kulowa na kukauka. Maji hunyunyiziwa kidogo jioni, unyevu hupanda, kisha hushuka taratibu hadi siku inayofuata. Mjusi hunywa matone yaliyoganda kwenye majani na kuta, na mara nyingi hakijali kisahani cha maji.

Ratiba moja haiwezi kutumika kila mahali. Nyumba ya Musoma iliyo ufukweni, hasa wakati wa masika, inaweza kuhitaji kunyunyiziwa mara moja tu kwa siku mbili. Bunda, mbali kidogo na ufuko, katika miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti, huenda ikahitajika jioni na alfajiri. Butiama iko juu zaidi ya usawa wa ziwa na usiku wake huwa na ubaridi. Huko kunyunyizia usiku sana humwacha mjusi akiwa amelowa na kupoa kwa pamoja, kwa hiyo ni afadhali kufanya hivyo kabla jua halijazama. Anayetumia kipima unyevu cha bei nafuu akijaribu kwanza. Chumvi ya mezani iloweshwe kwa maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, iwekwe pamoja na kipimo ndani ya chombo kilichofungwa kabisa kwa saa nane au zaidi. Kipimo sahihi kitasoma karibu asilimia 75. Kisahani cha maji, kikiwapo, kibadilishwe kila siku. Maji yaliyotuama juma zima huzalisha mbu, na Mara haihitaji mbu wa ziada.

Hatari kubwa kwa binadamu ni bakteria wa Salmonella. Mjusi anaweza kuwabeba utumboni bila dalili yoyote na kuwatoa kwa vipindi, hivyo kinyesi kilichopimwa mara moja na kuonekana safi hakithibitishi usalama. Nchini Marekani, mwaka 2015, mlipuko wa maambukizi haya katika majimbo kadhaa ulihusishwa na mijusi wa kufugwa wa jamii hii. Mtu mzima mwenye afya hupata homa, kuhara na maumivu ya tumbo kwa siku chache, akapona. Si hivyo kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, mzee, mjamzito au mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka. Mwenye sikoseli, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, yuko katika hatari ya pekee: bakteria huingia kwenye damu na kukaa ndani ya mifupa, ambako matibabu huchukua majuma mengi. Nyumba yenye mmoja wa watu hawa isifuge mjusi, hata kizimba kikiwa bora namna gani.

Kwingineko, kizimba kikae mbali na jiko na mahali pa kulia. Kinyesi kiondolewe kila siku na mtu mzima. Vyombo vya kizimba vioshewe nje, visioshewe kwenye beseni la vyombo vya chakula, kisha vitiwe dawa ya klorini, visuuzwe na vikaushwe juani. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kugusa mnyama, wavu au kisahani. Wadudu wa kumlisha wasitoke kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa ya kuua mbu.

Katika zahanati, mtoto mwenye homa na kuhara hupimwa malaria, na ndivyo inavyopasa. Lakini malaria ikithibitishwa, Salmonella haijaondolewa katika orodha, kwa kuwa malaria kali yenye upungufu wa damu humfungulia mtoto njia ya maambukizi hayo kwenye damu. Kipimo cha Widal hakitoshi kutatua shaka hiyo. Mtoto mwenye sikoseli anayelalamika maumivu ya mfupa mmoja yasiyopungua, pamoja na homa, apewe rufaa mapema kwenda hospitali inayoweza kuotesha damu maabara, na mzazi aulizwe kama kuna mjusi, kobe au kinyonga anayefugwa nyumbani.