Bolti Inayoingia Kirahisi: Utangulizi wa Kufufua Land Rover ya Zamani

Ikiwa bolti mpya imegoma kuingia kwenye tundu la Land Rover ya 1955, usiharakishe kumlaumu muuza spea. Huenda bolti ni nzima na tundu ni zima, ila vimetengenezwa kwa vipimo viwili tofauti. Hapo ndipo elimu hii inapoanzia.

Tuanze na meno. Meno ya bolti, au hesi kama yanavyoitwa vitabuni, hutambulishwa na mambo matatu: unene wa bolti, hatua (yaani umbali kutoka jino hadi jino) na pembe ya jino. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza pembe ya nyuzi 55, na viwanda vya kwao vikaishika kwa zaidi ya karne. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana nyuzi 60; ni mwaka uleule Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam. Viwanda havikubadilika kwa siku moja, ndiyo maana gari moja la miaka ile laweza kuwa na bolti za aina zote mbili.

Chukua bolti mbili za inchi 3/8. BSF, yaani meno ya karibukaribu ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, ina meno 20 kwa inchi. UNF, ya makubaliano mapya, ina 24. Ukiilazimisha UNF kwenye nati ya BSF, itazunguka kidogo kisha ibane. Tafadhali, weka spana chini. Unachodhani ni kukaza ni meno kulana.

Lakini mimi naiogopa zaidi bolti inayokubali. BSW na UNC, meno yaliyoachana zaidi ya kipimo cha zamani na cha kipya, kwa inchi 3/8 zote zina meno 16 kwa inchi. Zimetofautiana hasa pembe. Zitaingiliana vizuri, huku meno yakigusana sehemu ndogo. Usithubutu kufanya hivyo kwenye breki wala usukani.

Basi safisha tundu, kisha zungusha bolti kwa vidole vitupu. Ikiingia, itoe uilinganishe na kipima meno, kibati chenye kingo kama chanuo, ukikielekeza kwenye mwanga: upenyo ukionekana, aina si hiyo. Ukishaitambua, tafuta bolti ifuate tundu. Usichonge bloku ya injini ifuate bolti. Bolti za BSF bado zinatengenezwa, bloku za 1955 hazitengenezwi tena.