Kabla ya Kuhamia Mirihi

Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kurushwa kwenda mwezini, Mchungaji Ralph Abernathy alifika kwenye kituo cha roketi huko Florida akiongoza familia maskini na mkokoteni wa kuvutwa na nyumbu (hawa wa kubeba mizigo, si wale wa Serengeti). Mbele yao ilisimama roketi ya urefu wa zaidi ya mita 110. Abernathy, aliyeshika uongozi wa shirika la Martin Luther King baada ya King kuuawa mwaka 1968, aliuliza inakuwaje taifa lenye uwezo wa kwenda mwezini lishindwe kulisha watoto wake. Thomas Paine, mkuu wa NASA, alitoka akaenda kuonana naye uwanjani. Alimjibu kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza.

Katika chama chetu mjadala huo bado unaendelea. Akitajwa Elon Musk na mji wake wa watu milioni moja kwenye Mirihi, nusu ya chumba hucheka, nusu hukasirika, na hakosi mmoja wa kuuliza: watu hawana maji, ninyi mnazungumzia Mirihi?

Swali hilo liliulizwa pia kutoka Afrika. Mwaka 1970, mtawa aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA. Stuhlinger alijibu kwa barua ndefu ambayo watetezi wa safari za anga huitaja hadi leo. Alisimulia habari za tajiri mmoja wa Ujerumani aliyewasaidia sana maskini, lakini pia akamfadhili fundi wa kusugua vioo vya kukuzia vitu. Watu walinung'unika. Baadaye kazi ya namna hiyo ikazaa hadubini, na hadubini ikaokoa watu wengi kuliko sadaka za tajiri yule.

Hoja hiyo ni nzuri, ila inatetea chombo. Fundi yule hakuomba kuhamia ndani ya hadubini. Hapa ndipo mijadala yetu hupotea njia: tunachanganya kutumia anga na kwenda kuishi huko.

Kuhusu kutumia anga, mimi nasimama na Paine. Mwaka 1966 NASA ilipata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani; siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia 1. Kama roketi ndizo zinazokula chakula cha maskini, upungufu huo ungeonekana kwenye sahani zao. Tena setilaiti hizo zinafanya kazi ya duniani. Tazama FEWS NET, mfumo wa kutoa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia. Unachanganya picha za setilaiti za mvua na majani ya ardhini na bei za sokoni, ili Somalia au kaskazini mwa Kenya pajulikane mapema kuwa kunakuja shida. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tovuti ya mfumo huo ilizimika kwa miezi kadhaa. Setilaiti zilikuwa palepale angani. Zilizokatwa ni fedha za watu wa kuzisoma.

Kuhamia ni jambo jingine. Hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni kabonidayoksaidi. Wastani wa baridi ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Nafasi nzuri ya kusafiri hutokea kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo dawa ikiisha huwezi kuagiza nyingine ikafika mwezi ujao.

Jaribio kubwa la maisha ya namna hiyo lilifanyika hapahapa duniani. Septemba 1991 watu 8 walijifungia katika jengo la vioo huko Arizona lililoitwa Biosphere 2. Ndani mlikuwa na msitu, mashamba na bahari ndogo, yote katika eneo la ekari 3 na kidogo. Walikusudia kukaa miaka 2 wakijitegemea. Baada ya miezi 16 oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu asilimia 21 hadi kama 14. Vijidudu vya udongoni viliitumia, na kabonidayoksaidi waliyoitoa ikanyonywa na saruji ya jengo lenyewe. Wakazi walikonda, wakachoka, na mwanzoni mwa 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Nani atawaletea oksijeni wale wa Mirihi?

Kwa hiyo siwaogopi sana wahamiaji. Ninaloogopa zaidi liko ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiingereza watu husema makoloni ya anga bila kushtuka. Jaribu kwa Kiswahili: ukoloni wa anga. Wengi wetu hukwepa tukasema "makazi". Mimi naona tuliache neno libaki lilivyo, maana linauliza swali la lazima: nani anamiliki? Mkataba wa 1967 unakataza dola yoyote kujitwalia anga au sayari. Hata hivyo, sheria ya Marekani ya 2015 inaruhusu raia wake kumiliki madini watakayoyachimba huko. Nchi za ikweta ziliona hatari hiyo mapema. Desemba 1976 nchi 8, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitia saini Azimio la Bogotá, zikidai kuwa njia ya setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta ni mali asili yao. Dai lao halikukubaliwa.

Wala pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walikuwa na majukwaa ya roketi baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru. Ilisaidia kutambua Cygnus X-1, ambayo leo inajulikana kuwa ni shimo jeusi. Roketi ya mwisho ya Ngomeni iliruka mwaka 1988. Aprili 2023 Kenya ilipokuwa tayari na Taifa-1, setilaiti yake ya kutazama mashamba na mazingira, iliruka kutoka California kwa roketi ya SpaceX, kampuni ileile inayotaka kutuhamishia Mirihi.