Silabi na Nota katika Uandishi wa Muziki kwa Matini: Mfano wa LilyPond

LilyPond ni programu ya kuandikia muziki iliyoasisiwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Mtumiaji wake hapangi nota kwenye mistari mitano, bali huandika matini tupu, kisha kompyuta ndiyo inayochora ukurasa. Kwa hiyo mwandishi hauoni muziki wakati anauandika, na ugumu mwingi unatokana na hilo.

Alama c4, kwa mfano, ni nota ya c yenye urefu wa robo. Majina ya msingi hufuata Kiholanzi: kiambishi -is hupandisha nusu toni, -es hushusha. Katika ufunguo wa G, anayeandika f akitarajia ipandishwe yenyewe hupata f ya kawaida. Hana budi kuandika fis. Utaratibu huu una mantiki, kwani herufi huwakilisha sauti yenyewe wala si mahali pake kwenye mistari, ingawa humkera aliyezoea karatasi.

Tatizo kubwa zaidi, hasa kwa Kiswahili, ni maneno ya wimbo. Kwa kawaida programu hugawa silabi moja kwa kila nota kwa mfuatano, na silabi za neno moja hutenganishwa kwa vistari viwili vyenye nafasi kila upande. Programu haijui Kiswahili; mgawanyo wote ni jukumu la mwandishi. “Mtu anaimba” huandikwa m -- tu a -- na -- i -- mba, yaani silabi sita. Anayedhani kwamba kila silabi lazima iwe na irabu ataandika mtu kama silabi moja, na kuanzia hapo kila silabi itawahi kwa nota moja. Kistari wima huonya kipimo kisipotimia, lakini huhesabu muda wa nota, si silabi. Ikumbukwe pia kwamba mbuzi ni mbu -- zi, ilhali mbwa ni m -- bwa, kwa kuwa hapo nazali ndiyo inayobeba mkazo. Kosa la namna hii aghalabu hugunduliwa na waimbaji, nakala zikiwa zimekwisha chapwa.

Afadhali kila mshororo uandikwe katika mstari wake wa matini, na idadi ya silabi zake iwekwe mwishoni baada ya alama ya asilimia. Yanayofuata alama hiyo mstarini programu huyapuuza.