Glukosi ndiye mwenye kadi

Msomaji mmoja wa Kigoma ameniandikia. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kisha wakaletwa mjini kwa meli ya Liemba na kupokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, yeye alikuwa miongoni mwa waliojitolea kukoroga ORS, ule mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Kazi aliifanya, ila tangu hapo swali limemganda: kama mgonjwa anapoteza maji na chumvi, sukari ya nini? Mjomba wake mpaka leo anashikilia kwamba sukari huzidisha kuhara.

Mjomba hajapotea kabisa, tutafika kwake. Habari za vimelea, kunawa mikono na kuchemsha maji nazipita, maana ziko kwenye kila ukuta wa zahanati. Twende moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba.

Sumu ya kipindupindu haichubui utumbo wala haiutoboi. Huingia ndani ya seli na kukwamisha swichi moja ibaki imewaka. Milango ya kloraidi inakaa wazi, kloraidi inamwagika kuelekea kwenye njia ya chakula, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi kama yalivyo mazoea yake. Wakati huohuo mlango wa kawaida wa kuingizia chumvi unabanwa. Ndiyo maana mgonjwa aliyezidiwa anaweza kutoa hata lita moja kwa saa, na ukimnywesha maji matupu, au hata maji ya chumvi peke yake, mengi yanapita tu kama yalivyokuja.

Lakini upo mlango mwingine, na huu ndio ulionifanya niandike makala hii badala ya kumjibu msomaji kwa mistari miwili. Maabara wanauita SGLT1. Nilijaribu "kisafirishi-shirikishi cha sodiamu na glukosi", nikaishiwa pumzi njiani. "Kipitishi-pacha" ni kifupi, ila kinadanganya, kwani wanaopita ni watatu. BAKITA wakileta jina bora nitalipokea kwa mikono miwili. Kwa leo ni mlango wa dabo, ingawa jina hili nalo linapunja mmoja.

Chukua ukumbi wa harusi pale Sinza. Mlangoni wamesimama kamati na mabaunsa, na bila kadi huingii hata uwe binamu wa bwana harusi. Sodiamu ndiye binamu huyo: yuko nje tangu saa moja, suti imenyooka, kadi hana. Glukosi anayo, lakini kadi yake ina sharti. Haikubaliki mpaka mwenye nayo aongozane na sodiamu wawili. Wakitimia watatu wanaingia pamoja. Wasipotimia, hakuna anayeingia. Wakishafika sebuleni, yaani ndani ya seli, hawaachwi wajazane hapo. Upande wa pili, unaoelekea kwenye damu, kuna mabaunsa wengine ambao kazi yao usiku kucha ni kuwasukuma sodiamu waende ukumbi mkubwa, kwa hiyo sebuleni nafasi haikosekani na foleni ya nje inazidi kusogea. Mabaunsa hao ndio wanaokula nguvu ya mwili. Mlango wenyewe haugharimu kitu.

Na maji? Maji ni wazamiaji. Hawakuchanga, hawakualikwa, wanatazama tu chumvi inakoelekea kisha wanajipenyeza nyuma yake. Mwaka 1996 Donald Loo, Ernest Wright na wenzao walikokotoa kwamba kila watatu hao wanapopita, molekuli kama 260 za maji hupita nao. Wazamiaji 260 kwa kadi moja! Sijui kamati gani ingevumilia.

Sasa kipindupindu kimevamia uani. Kimeng'oa mlango wa jikoni, masufuria ya pilau yanatoka moja baada ya jingine, vinywaji vinaondoka kwa kreti. Ila mlango wa dabo hakikuugusa. Sumu inayoweza kumkausha mtu mzima kwa saa chache imeuacha mlango mmoja unafanya kazi, na kwa mlango huohuo tunarudisha kinachoibwa nyuma. Kuhara hakukomi papo hapo. Tunachofanya ni kuingiza kwa kasi kuliko kinavyotolewa. Robert Crane alipotangaza wazo hilo la kupita pamoja, kwenye mkutano wa Prague mwaka 1960, alikuwa anashughulika na namna sukari inavyofyonzwa, si na kipindupindu.

Mjomba je? Sukari ikizidi, akina glukosi wanarundikana nje bila sodiamu wa kuongozana nao, na wazamiaji wanageuka kurudi huko nje kwenye umati. Kuhara kunaongezeka kweli. Ndiyo sababu soda haifai, na ndiyo sababu mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza paketi: glukosi ikashuka kutoka gramu 20 hadi 13.5 kwa lita, chumvi kutoka 3.5 hadi 2.6. Asiye na paketi hutumia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ndani ya lita moja ya maji safi. Aliyezimia au aliyekauka kupita kiasi hutundikiwa dripu kwanza, na mtoto huongezewa zinki.

Dripu ndiyo inayopendwa na wapiga picha wa maafa. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh iliposukuma wakimbizi karibu milioni 10 kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alifika hospitali ya Bangaon, mpakani, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni. Kumtundikia mtu dripu kulitaka upige magoti kwenye matapishi na kinyesi. Katika timu yake wawili tu walifundishwa kazi hiyo, na chupa zilikuwa zinakwisha. Utafiti wa Dhaka wa mwaka 1968, wa David Nalin na Richard Cash, ulikuwa umeonyesha kwamba mchanganyiko wa kunywa unafaa, lakini hapo wagonjwa waliangaliwa kwa karibu na wataalamu. Mahalanabis hakuwa na wataalamu. Aliagiza vipimo vifungwe Kolkata kwenye mifuko ya plastiki: gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi ya mezani, 2.5 za magadi ya kuokea, kwa kila lita. Vikakorogwa kwenye mapipa yenye bomba, na wanaochota na kunywesha wakawa mama, kaka, na jirani wa kambini. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka hadi 3.6.

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, na ndani ya mwezi mmoja wakafa karibu 50,000, wengi kwa kuhara. ORS ilikuwa inajulikana dunia nzima. Ila kambi ya Kibumba haikuwa na maji, na mwamba wa volkano haukubali jembe, choo hakichimbiki. Kwenye vituo vya matibabu nako maji yalirudishwa polepole mno, ORS ikatumika kidogo, na wahudumu wengi hawakuwahi kuona kipindupindu. Likaja kundi la madaktari na wauguzi kutoka kituo cha utafiti cha Dhaka, wakakabidhiwa kituo kimoja. Walinywesha ORS bila kuchoka, dripu wakawaachia waliozidiwa. Vifo kituoni hapo vikashuka chini ya asilimia 1.