Usingoje Miaka Kumi na Miwili

Somo: Marko 5:25-34



Mnamkumbuka yule mama aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Alizunguka kwa waganga hata mfuko ukabaki mtupu, na ugonjwa ukazidi. Alimjia Bwana kwa siri, kwa nyuma, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa wa aibu.

Akina mama wa namna hiyo wamo makanisani mwetu. Basi leo tuzungumze waziwazi juu ya kansa ya mlango wa kizazi, hasa kwa dada zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Kansa hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata, na kwa kawaida mwili hukishinda wenyewe. Lakini kinga ikidhoofika, kirusi hukaa. Ndiyo sababu mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi yumo katika hatari mara 6 zaidi ya mwenzake. Kwa mwenye kinga nzuri, mabadiliko huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa kansa. Kinga ikiwa dhaifu, huenda ikawa miaka 5 hadi 10 tu. Muda huo wote hasikii maumivu. Kumeza dawa za Ukimwi kila siku ni jambo jema sana, lakini hakuondoi haja ya kupimwa.

Wengine husema kupimwa kansa ni kwa matajiri. Sivyo. Mwuguzi akiwa na taa, pamba na siki iliyopunguzwa kwa maji anaweza kupima. Hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, hungoja kama dakika moja, kisha hutazama. Penye hitilafu huonekana weupe. Si kila weupe ni kansa. Mara nyingi ni mabadiliko yanayoweza kugandishwa au kuchomwa siku ile ile, na mama akarudi nyumbani. Mjini Lusaka, Zambia, wauguzi walianza kazi hii mwaka 2006 katika zahanati za serikali, wakitumia pia kamera ili mama ajionee mwenyewe.

Siki ina upungufu, kwa maana hutegemea jicho la mpimaji. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanawake wenye virusi vya Ukimwi waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, kwa kipimo cha HPV chenyewe, kila miaka 3 hadi 5. Mama aweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe. Pasipo na kipimo hicho, siki itumike kila miaka 3.

Nanyi akina baba, sikilizeni. HPV yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Majibu ya mkeo si ushahidi wa uzinzi. Akirudi kutoka kliniki, asikute hakimu mlangoni. Mpe nauli, umsindikize. Bwana Yesu hakumwuliza yule mama ugonjwa aliupata wapi. Alimwita Binti mbele ya umati wote.

Dada yangu, yeye alingoja miaka 12. Wewe usingoje. Wiki hii uliza kliniki yako.

Tuombe. Ee Bwana, uwaondolee binti zako hofu na aibu, ubariki mikono ya wauguzi, utufundishe kuchukuliana mizigo. Amina.