JINSI MELI ILIYOZAMA INAVYOOPOLEWA

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Lakini chombo kilichozama majini chaweza kuopolewa na kutumika tena, mradi kazi hiyo ifanywe kwa maarifa na subira. Ushahidi wa neno hili ni meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika.

Meli hiyo iliundwa na Wajerumani mjini Papenburg mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliungwa tena, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, adui zao walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliona heri kuizamisha kuliko kuiacha itekwe. Hata hivyo mafundi hawakukata tamaa. Walizipaka injini grisi nyingi ili zisiliwe na kutu, wakaijaza meli mchanga, ndipo wakaizamisha.

Je, chuma kizito namna hiyo chapandaje juu? Meli huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Maji yakichukua nafasi ya hewa, huzama. Basi kazi ya waopoaji ni kuirudisha hewa mahali pake. Kwanza wapiga mbizi hushuka kutazama jinsi chombo kilivyolala, na kuziba matundu. Kisha mzigo huondolewa, na maji hutolewa kwa pampu. Mashua ndogo, au motokaa iliyotumbukia kutoka kivukoni, hufungiwa mifuko mikubwa ambayo hujazwa hewa huko huko chini. Mifuko ikipanda, hupanda pamoja na mzigo wake.

Adui mkubwa wa kazi hii ni matope. Hukishika chombo kama yanavyoushika mguu wa ng'ombe bwawani. Kikivutwa kwa pupa chaweza kuvunjika, au kuchomoka ghafula na kupinduka.

Wala hatari haiishi chombo kionekanapo juu. Wabelgiji waliiopoa meli ile wakaivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha mara ya pili. Mwezi wa Machi 1924 Waingereza waliiinua tena. Walipozichungua injini zake waliziona zingali zafaa, kwa maana grisi ilikuwa imezilinda miaka yote hiyo. Mwezi wa Mei 1927 meli ilianza safari kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo katika sehemu za kusini. Karne ya 21 iliikuta ingali ikibeba abiria na mizigo.

Walioiinua wanastahili sifa. Lakini kama wale mafundi wa kwanza wasingalizipaka injini grisi siku ile ya huzuni, kilichoopolewa kingalikuwa chuma kikuukuu tu.