Nishani ya Mtu wa Ramani, na Inavyomhusu Mkulima

Leo hatuzungumzi habari za mbolea wala viwavi. Leo nataka tuzungumze juu ya watu waliotunukiwa nishani kwa ajili ya kazi ya ramani. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba leo kapotea njia." Subirini kidogo, mtaona habari hii inavyofika mpaka kwenye ekari zako mbili za mahindi.

Mtu wa kwanza ni Roger Tomlinson. Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1933, kisha akahamia Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mjini Ottawa iliyopiga picha za ardhi kutoka kwenye ndege. Kampuni hiyo ikapata kazi huku kwetu Afrika Mashariki, nchini Kenya: kutafuta mahali panapofaa kupanda msitu mpya wa miti ya kiwanda.

Sasa, ndugu mkulima, mahali panapofaa ni wapi? Ni lazima pawe na udongo mzuri, mvua ya kutosha, mteremko usio mkali na barabara ya karibu. Kila jambo katika hayo lina ramani yake. Siku hizo, ukitaka kuyaona yote kwa pamoja, ulichora kila ramani kwenye karatasi inayopitisha mwanga, ukazipanga moja juu ya nyingine, ukatazama ni wapi zinakubaliana. Ni kama ukichukua karatasi nne za mafuta ukazibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwaka. Kwa shamba moja utaweza. Kwa eneo kubwa, utahitaji watu wengi na muda mrefu. Gharama zilipopigiwa hesabu zikaonekana kubwa mno, na kazi ile ikakwama.

Hapo ndipo Tomlinson alipojiuliza: ikiwa kompyuta inaweza kujumlisha hesabu, kwa nini isijumlishe ramani?

Bahati nzuri, miaka hiyo hiyo serikali ya Kanada ilikuwa imeanza kazi ya kukagua ardhi yake, ipate kujua ipi inafaa kilimo, ipi misitu, na ipi waachiwe wanyama wa porini. Ardhi ya kilimo iligawanywa katika madaraja 7. Daraja la 1 ni ile isiyo na tatizo kubwa, na daraja la 7 ni ile isiyofaa kulimwa. Ramani zilikuwa maelfu. Tomlinson akapewa kuongoza kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta. Ilibidi hata itengenezwe mashine maalumu yenye pipa linalozunguka, ya kusoma ramani. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao leo umeenea dunia nzima.

Kwa kazi hiyo alitunukiwa nishani nyingi. Mwaka 2001 nchi yake ilimpa nishani ya Order of Canada. Mwaka 2010 Shirika la National Geographic la Marekani lilimpa, yeye na Jack Dangermond, medali yenye jina la Alexander Graham Bell. Alifariki mwaka 2014.

Lakini chombo bila mwalimu ni jembe bila mpini. Kwa hiyo wanaofundisha nao hutunukiwa. Profesa Michael Goodchild alifundisha Kanada kwa miaka mingi, kisha akaenda chuo kikuu cha Santa Barbara, Marekani. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitoa mtaala wa masomo 75 wa kufundishia kazi hii, vyuo vingi vikautumia. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Vautrin Lud, ambayo hutolewa Ufaransa na huhesabiwa na wanajiografia kuwa ndiyo kubwa kuliko zote katika fani yao.

Haya, sasa turudi shambani. Niwaambieni jambo lililonitia aibu mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwenda katika kijiji kimoja na ramani ya udongo mkononi. Ramani ilionyesha bonde lenye udongo mweusi, wenye rutuba. Nikawashauri watu walime mahindi pale. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, hapo maji ya masika hutuama wiki tatu." Nikamjibu kwamba ramani haisemi hivyo. Kaya tatu zikanisikiliza mimi. Masika yakaja, maji yakatuama, mahindi yakageuka manjano, mizizi ikaoza. Mwaka ule kaya zile zilinunua chakula.

Ramani haikusema uongo. Udongo ulikuwa ule ule iliousema. Kilichokosekana ni ile karatasi ya pili, ya maji, na hiyo ilikuwa kichwani mwa yule mzee. Nami nilikataa kuipokea. Kompyuta nayo ndivyo ilivyo: hujumlisha kile ilichopewa tu. Usipoipa habari ya maji, haitaijua.

Ndiyo maana nasema habari hii inakuhusu. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kijiji hupanga matumizi ya ardhi yake, na mpango huo hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji uidhinishwe. Wapimaji wakija, watakuja na vifaa vinavyopokea mawimbi kutoka setilaiti. Basi shika haya:

Kwanza, uwepo shambani siku ya kupimwa, na jirani zako wawepo, mkubaliane mpaka kabla alama haijachukuliwa.

Pili, wanawake wawepo. Wao ndio wachotao maji, na wanajua kisima kipi hukauka na kipi hakikauki.

Tatu, taja yale ambayo setilaiti haiyajui: bonde la mafuriko, njia ya mifugo wakati wa kiangazi, makaburi.

Nne, ramani ikishachorwa, omba kuiona. Angalia jina lako limeandikwa sawasawa. Ukiona kosa, sema hapo hapo mkutanoni, usingoje mpaka hati itoke.

Zile nishani za Kanada na Ufaransa walipewa waliostahili. Kazi iliyoshindikana Kenya kwa uhaba wa fedha, leo kijana aliyesoma huimaliza mezani. Lakini kijana huyo akifika kijijini kwenu, mpeni mzee wa kufuatana naye, naye amsikilize. Mimi sikumsikiliza wangu, na walioumia ni wengine.